Elektroni na Wabebaji Wake (5): Mistari Minne ya Daktari MacMunn

Siku ya Kisukari Duniani imepita, 14 Novemba, na mengi yameandikwa kuhusu bei ya stripu za kupimia sukari. Sikuona aliyemtaja mbebaji wa elektroni aliyemo ndani ya stripu, ambaye bila yeye mashine isingesoma chochote. Sehemu zilizotangulia zilieleza jozi ya redoksi: kitu kimoja chenye hali mbili, kilichopokea elektroni na kilichoitoa. Leo nataka kuonyesha kwamba ujuzi huu ulicheleweshwa karibu miaka 40 kwa sababu cheo kilisikilizwa kuliko ushahidi.

Katika miaka ya 1880 Charles MacMunn, daktari wa kutibu wagonjwa mjini Wolverhampton, Uingereza, alipitisha mwanga kwenye misuli ya wanyama, akautazama kwa spektroskopu, akaona mistari myeusi ambayo si ya himoglobini. Akasema rangi hiyo inahusika na upumuaji wa tishu. Felix Hoppe-Seyler, bingwa wa Kijerumani, alishikilia kuwa ni himoglobini iliyoharibika tu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa jarida walimojibizana, akaufunga mjadala. MacMunn alifariki 1911. Mwaka 1925 David Keilin wa Cambridge alitazama hamira, kiumbe kisicho na damu, akaona mistari kama ile ya MacMunn. Alipoitikisa ndani ya neli ili hewa iingie, mistari hiyo minne ilifutika. Alipoiacha itulie kidogo, ikarudi palepale. Chuma kilichomo ndani ya protini kilikuwa kikikabidhi elektroni kuelekea kwenye oksijeni, kisha kikipokea nyingine zitokazo kwenye chakula. Protini hizo akaziita saitokromu.

Wapo watakaosema MacMunn hakueleza utaratibu wenyewe, na kwamba ni Keilin aliyetambua saitokromu tatu. Ni kweli. Lakini anayeona kwanza hapokonywi haki yake kwa kuwa hakumaliza kueleza, na Keilin mwenyewe, muungwana, alimtaja waziwazi kuwa ndiye aliyetangulia.

Chuma hichohicho ndicho kilichowaokoa watengenezaji wa stripu. Kimeng'enya kinachooksidisha glukosi huzificha elektroni ndani kabisa ya mwili wake, zisikoweza kuifikia elektrodi. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walitumia ferosini, atomu ya chuma iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni: inazichukua kwa kimeng'enya, inazitua kwenye elektrodi, na mkondo wa umeme unatupa kiasi cha sukari. Stripu nyingine hutumia ferisianidi, nayo ina chuma. Ila oksijeni hushindana na mbebaji huyo. Mgonjwa anayepewa oksijeni ya mtungi anaweza kuonekana ana sukari ndogo kuliko aliyonayo ikiwa stripu ni ya kimeng'enya hicho, na muuguzi anayelijua hili hupeleka damu maabara kabla insulini haijapunguzwa.