Milimita Sita za Mfarishi

Chepseon, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru, blanketi moja halitoshi usiku. Vitambaa vya kushonea mfarishi navyo havikosekani, maana mafundi wa sare za shule hubaki na vipande tele. Wengi hukata tamaa vipande vinapokataa kulingana, wakadhani mkono wao ni mzito. Kosa mara nyingi liko kwenye upana wa mshono.

Chukua vipande 12 vilivyoungwa mstari mmoja. Hiyo ni mishono 11. Ukimeza milimita 1 zaidi kila upande wa mshono, umepoteza milimita 22, na mstari huo hautakutana tena na wenzake. Kwa hiyo jipime kwanza. Kata vipande 3 vya upana wa sentimita 5, viunge kwa mshono wa milimita 6, vipige pasi, kisha pima cha katikati. Kifike sentimita 3.8. Kikiwa chembamba, unameza sana. Bandika plasta kwenye bati la cherehani, milimita 6 kulia kwa sindano, ukingo wa kitambaa uifuate. Macho yatazame plasta, si sindano. Zoezi hili dogo lina faida kuliko mashine mpya.

Vipande vya fundi huwa vimechanganyika. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, polista huyeyuka ikaganda. Polista haivumilii pasi ya makaa iliyokolea. Pamba, kitenge kikiwemo, hurudi ikifuliwa, basi ifue kabla ya kuikata.

Kazi ngumu ni kushika tabaka tatu pamoja: uso, blanketi la ndani na kitambaa cha mgongo. Cherehani nyeusi ya kukanyaga ina nafasi finyu kati ya sindano na nguzo, na mfarishi wa kitanda kizima haupiti humo bila kukunjamana. Mimi hushauri kushona kwa sehemu. Kata blanketi la zamani vipande vya upana wa nusu mita, tandika mgongo chini yake, ukiuacha uzidi kingoni. Laza kipande cha kwanza cha uso katikati. Cha pili kiweke juu yake, uso kwa uso, shona ukipitisha sindano kwenye tabaka zote, kisha kifunue na ukipige pasi. Endelea hivyo kuelekea kingo. Ukianzia pembeni, ulegevu wote utarundikana katikati. Tumia sindano namba 16 na hatua ya mshono yenye urefu wa milimita 3. Sehemu zikikamilika, ziunge kwa ule mgongo uliozidi, mshono usinenepe.

Usishindilie mishono karibu karibu. Joto huhifadhiwa na hewa iliyonaswa ndani, na kila mshono huibana. Nafasi ya sentimita 8 hadi 10 yatosha, kwa kuwa blanketi halihami kama pamba ya kujaza. Chagua blanketi jepesi pia: kwa mvua za alasiri za Kericho, zito litalala kambani siku mbili na bado lina unyevu.