Shindano lako la kwanza la wazi la gofu: soma jina kabla ya PIN, soma kadi kabla ya sahihi

Nilikuwa nimeshaandika kiasi, shilingi 3,500. Kilichobaki ni PIN tu. Kisha jina la mpokeaji likatokea kwenye skrini, na halikuwa jina la klabu. Lilikuwa jina la mtu binafsi ambaye simjui, hanijui.

Nikasimamisha kidole. Hivyo ndivyo shindano langu la kwanza la wazi lilivyokaribia kuisha hata kabla sijapiga mpira mmoja.

Tuanze mwanzo. Mimi ni mwanagofu mchanga. Nilijiunga na klabu moja hapa Pwani kama mwaka mmoja na nusu uliopita, nikafundishwa kushika fimbo, nikapoteza mipira mingi vichakani, na pole pole nikaanza kuizoea kazi. Siku moja bango likatumwa kwenye grupu letu la WhatsApp: klabu moja ya nyanda za juu inaandaa shindano la wazi, wageni wote mnakaribishwa. Ada, Paybill, tarehe, kila kitu kipo. Nikasema, leo ni leo.

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe mwingine katika grupu hilo hilo: "Paybill iko na shida, tumeni kwa hii namba, nafasi zimebaki chache." Nami kwa haraka zangu nikaifuata. Bahati nzuri nikalisoma lile jina. Nikaghairi, nikapiga simu ofisi ya klabu kwa nambari iliyobandikwa kwenye ubao wetu wa matangazo. Wakashangaa. Paybill yao haikuwa na shida yoyote. Mwenzetu mmoja yeye alikuwa ashatuma. Alipowapigia huduma kwa wateja, pesa zilikuwa zishatolewa kwa ajenti.

Ndiyo maana leo tunaongea mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kuingia shindano la wazi ukiwa bado mchanga, na jinsi ya kulipa bila kulizwa. Utaona kwamba somo ni moja.

"Wazi" maana yake nini?

Wengi wakisikia neno hili wanafikiria Kenya Open, ile iliyoanza mwaka 1967 na ambayo Seve Ballesteros aliishinda mwaka 1978. Hiyo ni ya wachezaji wa kulipwa. Usiogope, hatuongei hiyo.

Shindano la wazi la klabu ni siku ambayo klabu inafungulia mlango wanachama wa klabu nyingine. Wewe wa Kitale unaweza kwenda Nyali, wa Nyali akaenda Nyeri. Unachohitaji ni kuwa na hendikapu inayotambulika, kulipa ada, na kufuata masharti ya siku hiyo. Basi.

Hendikapu ndiyo tikiti yako

Mwaka 2020 ulianza kutumika mfumo mmoja wa hendikapu wa dunia. Ili kupata yako ya kwanza, unawasilisha kadi za mashimo 54 kwa jumla, yaani raundi tatu za mashimo 18, au ukichanganya na raundi za mashimo 9. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0, kwa wanaume na wanawake. Kwa hiyo usiseme "mimi bado sana." Mfumo una nafasi yako.

Lakini soma masharti ya shindano. Waandaaji wanaruhusiwa kuweka kikomo, na wengine hufanya hivyo. Ukiwa na 45 na kikomo ni 36, uliza mapema kama utacheza kwa 36 au hutakubaliwa kabisa. Kuuliza kabla ya kulipa ni bure. Kudai pesa zirudishwe ni kazi.

Jambo jingine linalowachanganya wageni: hendikapu yako hubadilika ukienda uwanja mwingine. Kila uwanja una kipimo cha ugumu, na kipimo cha kawaida ni 113. Tuseme hendikapu yako ni 30.0 na uwanja unaoenda una kipimo cha 125. Chukua 30, zidisha kwa 125, gawanya kwa 113, unapata 33 na kidogo. Kuna hesabu nyingine ndogo inayotokana na makadirio ya alama za uwanja huo, lakini tuiache hapo. Kisha mashindano mengi ya mtu mmoja mmoja huchukua asilimia 95 ya hiyo, kwa hiyo unacheza na 32. Ofisi itakufanyia hesabu. Wewe jua tu kwamba namba ikibadilika si kwamba umeonewa.

Stableford ni rafiki wa mchanga

Mashindano mengi ya namna hii huchezwa kwa mtindo wa Stableford, ulioitwa kwa jina la daktari Mwingereza Frank Stableford. Badala ya kuhesabu kila mpigo wa siku nzima, unapata pointi kwa kila shimo.

Turudi kwa ile 32. Maana yake unapunguziwa mpigo mmoja katika kila shimo, na wa pili katika mashimo 14 yaliyo magumu zaidi. Shimo la mipigo minne ambalo unapunguziwa miwili, ukipiga 6 inahesabiwa 4, unapata pointi 2. Ukipiga 7 unapata pointi 1. Ukipiga 8 au zaidi, sifuri. Okota mpira wako, tembea, shimo lifuatalo linakungoja. Shimo moja baya haliharibu siku nzima.

Ukifikisha pointi 36 kwa mashimo 18, jua umecheza sawa na hendikapu yako. Mimi siku hiyo nilipata 27. Nitakuambia kwa nini najivunia hizo 27.

Kulipa ada: mwendo wa salama

1. Chukua nambari ya kulipia kutoka kwa klabu yenyewe: bango lililobandikwa klabuni kwenu, ofisi yao, au ukurasa wao rasmi. Ujumbe uliotumwa na kutumwa tena kwenye grupu si chanzo.

2. Ukiambiwa nambari imebadilika, piga simu. Usipige ile iliyo kwenye ujumbe huo huo. Piga uliyokuwa nayo kabla.

3. Ada ya klabu kwa kawaida huenda kwa Paybill au Till. Ukiona inaelekezwa kwa laini ya mtu binafsi, hata kama ni ya "katibu", simama kwanza uulize.

4. Kwenye sehemu ya akaunti, andika kama ulivyoelekezwa, na jina liwe lile lililo kwenye rekodi yako ya hendikapu. Kule klabuni unajulikana kama "Baba Njeri", lakini ofisi ya wageni haimjui Baba Njeri.

5. Soma jina la mpokeaji na kiasi. Soma tena. Ndipo uweke PIN.

6. Usifute ujumbe wa uthibitisho. Ile kodi ya muamala ndiyo risiti yako. Droo ikitoka na jina lako halimo, hiyo ndiyo itakayokutetea.

7. Uliza tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Klabu nyingine hurudishia ada ukijiondoa mapema, nyingine hapana.

Ukikosea ukatuma kwingine, usikae ukilalamika kwenye grupu. Wasiliana na huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, ukiwa na kodi ya muamala. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni vigumu sana.

Siku yenyewe

Fika mapema. Droo inaonyesha saa yako ya kuanza na wale mtakaocheza nao, na saa ni saa. Ukichelewa hadi dakika 5 unaadhibiwa. Ukizidisha hapo, umetolewa mashindanoni, na ada umeshalipa.

Fimbo zisizidi 14 kwenye begi. Huna 14? Hakuna shida, hata nusu seti inatosha. Vaa shati la kola na uulize sheria ya mavazi kabla hujatoka nyumbani, hasa kuhusu kaptura.

Mpira ukipotea una dakika 3 tu za kuutafuta. Ukihisi umeingia pabaya, waambie wenzako waziwazi kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha piga mwingine kabla hujaenda kutafuta. Usiposema, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako.

Na msikilize kedi. Mimi niliyezoea hewa nzito ya bahari nilijikuta zaidi ya mita 2,000 juu. Kedi wangu, mzee wa makamo, akaniambia, "Punguza fimbo moja bosi, huku juu mpira unaruka." Nikajifanya najua. Kwenye shimo la 12 mpigo wangu wa pili ulipita juu ya grini ukatua nyuma kabisa, karibu na ua. Mzee hakusema kitu. Alinipa tu fimbo nyingine.

Malipo ya kedi tulipatana mapema, mbele ya mkuu wa makedi. Tulipomaliza alinisomea nambari yake, nami nikamsomea jina lililotokea kwenye simu. "Ndiye mimi," akasema. Nikatuma. Nilisubiri hadi simu yake ilie ndipo nikamshukuru. Ni adabu, na ni usalama kwa wote wawili.

Kadi: hapa ndipo watu huangukia

Kwenye shindano hujiandikii alama mwenyewe. Mnabadilishana kadi, na mmoja katika kundi lenu anakuandikia. Mwishoni unapokea kadi yako, unaisoma shimo kwa shimo, mnatia sahihi wote wawili, unawasilisha.

Sheria ni kali. Alama ya shimo ikiandikwa chini ya mipigo uliyopiga, ikakupa pointi usizostahili, na ukatia sahihi, unatolewa mashindanoni. Ikiandikwa juu ya uliyopiga, inabaki hivyo hivyo, hasara ni yako. Kujumlisha pointi ni kazi ya kamati. Alama za kila shimo ni jukumu lako.

Kadi yangu ilionyesha 6 kwenye shimo la 12. Lile la kupita juu ya grini. Nilikuwa nimepiga 7. Yule bwana aliyekuwa akiniandikia alikosea tu, hakuwa na nia mbaya, na hakuna aliyeona. Kwa sekunde kama mbili nilinyamaza, kwa sababu pointi 28 zinasikika vizuri kuliko 27. Kisha nikamwambia, "Samahani ndugu yangu, la 12 nilipiga saba." Akacheka, akarekebisha, tukatia sahihi.

Sikushinda chochote. Lakini jina langu lilisomwa pamoja na wengine, na mwaka ujao nikirudi pale nitaingia nikiwa nimeinua kichwa.

Mtu akikutumia ujumbe ati umeshinda pesa

Hili lishike vizuri. Kwa sheria za gofu ya ridhaa zilizoanza 2022, mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kupokea zawadi ya pesa taslimu katika shindano la hendikapu. Zawadi huwa ni vitu: begi, mwavuli, vocha ya duka, kikombe. Pesa taslimu kwa wa ridhaa zinaruhusiwa katika mashindano ambayo hendikapu haitumiki, tena kwa kikomo cha dola 1,000 za Marekani.

Kwa hiyo wewe wa hendikapu 30 ukipata ujumbe jioni ya siku ya shindano, "Hongera, umeshinda 50,000, tuma 1,200 za kushughulikia", huyo ni mwizi. Usimjibu, usibonyeze kiungo chake. Mripoti.

Nasi hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN, iwe umeshinda, umeshindwa, au hujui hata gofu ni nini.

Kwa hiyo uende?

Enda. Tafuta shindano la karibu kwanza, la Stableford, na mwombe mwanachama mzoefu wa klabu yenu mwende pamoja. Utapoteza mipira, utapata marafiki.

Kumbuka tu hivi: PIN ni sahihi yako, na sahihi ya kadi nayo ni kama PIN. Ukishaiweka, umesema "nimesoma, nimekubali." Kwa hivyo soma kwanza.