Ugonjwa wa Moyo Unaoanzia Kooni

Ukitajwa ugonjwa wa moyo, msibani au kwenye daladala, watu humfikiria mtu mzima mwenye kitambi. Yatasemwa ya presha, ya sukari, ya sigara na mafuta ya nyama choma. Ni ya kweli yote, na shinikizo la damu linastahili kuogopwa zaidi ya tunavyoliogopa. Lakini katika wodi za moyo za Afrika Mashariki wamelala pia wagonjwa ambao hawajawahi kuvuta sigara wala kunenepa. Ni wanafunzi wa shule, mama wajawazito, vijana wa kuanza kazi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 madaktari waliwaandikisha wagonjwa wa aina hii zaidi ya 3,300 kutoka nchi 14, nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Miaka miwili baadaye, takriban 17 katika kila 100 walikuwa wameshafariki.

Ugonjwa wao ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Mwanzo wake ni koo la mtoto.

Watoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo mara kwa mara. Mara nyingi ni virusi tu, na huondoka vyenyewe. Safari nyingine ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Naye pia mwili humshinda, ila kwa watoto wachache ushindi huo una gharama. Baadhi ya protini za bakteria huyu zinafanana na zile zilizomo kwenye moyo na viungo vya binadamu, na kinga iliyojifunza kumshambulia mgeni huanza kumshambulia mwenyeji. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, homa inarudi. Goti linavimba na kuuma. Likitulia, maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Watoto wengine hupatwa na kuchezacheza kwa mikono na uso wasikoweza kukuzuia, na ni rahisi mzazi kudhani ni utundu, au mapepo.

Kisha yote hupoa. Viungo hurudi sawa bila kilema, mtoto anarudi mpirani, na nyumbani wanashukuru kwamba amepona. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotudanganya, maana moyoni vali, yaani milango ya kupitishia damu, zimebaki na makovu, na kila streptokokasi akirudi kooni makovu hayo huongezeka.

Vali inayoumia zaidi ni ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto wa moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka kwa eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikiliwa na makovu inakuwa kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu: haufunguki wote, na wakati mwingine haufungiki pia. Eneo likishuka chini ya 1.5, hali ni mbaya. Damu inayokosa njia hurudi nyuma hadi mapafuni, na mgonjwa anaanza kukohoa, kuchoka kwa kupanda ngazi, kulala kwa mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Dalili hizi ni rahisi kuzidhania pumu au kifua kikuu. Chumba cha juu kinatanuka, mapigo yanapoteza mpangilio, damu inaganda humo, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo, kijana wa miaka 25 anapata kiharusi.

Ujauzito ndio unaowafichua wengi. Damu ya mama mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hupiga haraka zaidi. Moyo wenye vali nyembamba unahitaji muda mrefu wa kujaa kati ya pigo na pigo, na muda huo ndio unaopunguzwa. Mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo ya maji bila shida hushindwa kupumua mimba ikifika miezi mitano au sita. Miguu imevimba, lakini miguu ya wajawazito huvimba, basi anaambiwa apumzike. Hata aliyekwisha kufanyiwa upasuaji hayuko huru. Aliyewekewa vali ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika wiki za mwanzo. Msichana anayepelekwa kubadilishiwa vali anapaswa kuelezwa jambo hili kabla ya upasuaji, tena kwa lugha anayoielewa.

Tangu mwaka 2015 Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na upasuaji ambao zamani ulimpeleka mgonjwa India unafanyika nyumbani. Ni hatua kubwa. Lakini upasuaji hufika mwisho kabisa wa safari ambayo ingeweza kukatizwa mwanzoni.

Katika miaka ya 1920 homa ya rumatiki ilikuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 20 nchini Marekani. Ilianza kupungua hata kabla ya penisilini, nyumba zilipopanuka na watoto wakaacha kubanana kitanda kimoja. Bakteria huyu hupenda msongamano. Bweni lililojaa kupita kiasi, au chumba kimoja cha kupanga chenye watu saba, ni sehemu ya ugonjwa huu wa moyo, na wanaopanga miji na shule zetu wanapaswa kujua hivyo.

Kukata kimeo, kunakofanyika bado katika baadhi ya familia mtoto akisumbuliwa na koo au kikohozi, hakumwondoi bakteria. Kunaacha kidonda, kunaweza kumwaga damu nyingi, na kunapoteza siku ambazo penisilini ingefanya kazi.

Na penisilini inafanya kazi. Nchini Uganda watafiti waliwapima watoto na vijana zaidi ya 102,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha wakawafuatilia 818 kati ya waliokutwa na dalili za awali kwenye vali, wengi bila kujisikia wagonjwa. Nusu walichomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki nne. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Dawa yenyewe ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo viwanda vinavyoitengeneza ni vichache, na imewahi kuadimika duniani.

Sindano hii inauma, na huendelea kwa miaka, mara nyingi miaka kumi au zaidi. Mtoto anayejisikia mzima haoni sababu ya kuumizwa kila mwezi, na mzazi anayelipa nauli huchoka. Ukikosa mwezi mmoja, koo linabaki bila ulinzi.

Mtoto wako akiumwa koo na homa, bila mafua wala kikohozi, na tezi za shingo zimevimba, mpeleke kituo cha afya usiishie duka la dawa. Viungo vikimuuma kwa kuhamahama, omba moyo wake usikilizwe. Na kama nyumbani kuna mtoto aliyeandikiwa sindano hizi, angalia leo kwenye kadi yake tarehe inayofuata ni ipi, na usiiache ipite.