Kadi isiyomtoa mtu uwanjani

UKITAJA Kidichi, wengi wanakumbuka hamamu za Kiajemi zilizojengwa mwaka 1850 enzi za Sultan Seyyid Said, na mashamba ya viungo: karafuu, mdalasini, iliki. Kwa vijana wa soka la kompyuta, kiungo anayesakwa ni mwingine kabisa. Ni kadi ya grafiki.

Kila mchezaji wa geimu anaijua shughuli yenyewe. Dakika ya 90, straika kabaki na kipa, picha inaganda. Ikirudi, kipa tayari kaudaka mpira. Presha inapanda, na mtu anaanza kuhesabu hela za kompyuta mpya.

Subiri kwanza.

Ndani ya kompyuta, prosesa ndiye kiungo mchezeshaji. Ana akili nyingi, anaamua beki aende wapi na refa apulize nini. Ila ukimbebesha na kazi ya kuchora picha, anachoka.

Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ili mechi iende laini, picha hiyo ichorwe upya mara 60 kwa sekunde. Hapo ni zaidi ya nukta milioni 120 kila sekunde! Prosesa ina vichwa vichache vyenye nguvu. Kadi ina vidogo mamia, hata maelfu, na kila kimoja kinachora kipande chake kwa wakati mmoja. Kadi pia ina memori yake yenyewe, haigombanii ya kompyuta.

Ndiyo maana EA Sports FC 24, iliyotoka Septemba 2023, kwa kiwango cha chini kabisa ilitaka kadi kama GTX 1050 Ti yenye memori ya 4GB, pamoja na RAM ya 8GB.

Lakini kadi haichezi peke yake. Prosesa ikiwa mzee, kadi kali inakuwa kama straika asiyepata pasi. Pawa saplai ikiwa dhaifu, kompyuta inazima katikati ya mechi. Na wenye laptop wajue mapema: nyingi hazibadilishiki kadi.

Kipimo kipo, tena rahisi. Ingia kwenye geimu, shusha ubora wa picha, cheza tena. Ikiwa nyepesi, mzigo ulikuwa kwenye kadi. Isipobadilika, mtazame prosesa au RAM. Ikiganda pale tu unapocheza na mtu wa mtandaoni, mshuku intaneti kwanza. Kadi mpya haitaitibu.

Hela ya kadi si ndogo kwa kijana anayeitafuta shambani. Fundi akisema kadi tu itamaliza kila kitu, mwambie afanye jaribio hilo mbele yako. Halina gharama.