Kuzamia meli Unguja: pale fizike ya sekondari inakuwa mambo ya mapafu

Bandugu wasomi, munakumbuka ile kanuni ya Boyle? Presha mara ujazo, jibu ni lile lile. Mwalimu aliandika ubaoni, tukakariri, tukapata pointi, kiisha tukasahau. Mimi niliikuta tena Unguja, mita 12 chini ya maji, na huko haikuwa tena mambo ya pointi.

Meli yenyewe inaitwa Great Northern. Ilikuwa ya Waingereza, kazi yake kulaza kebo za telegrafu chini ya bahari, na ilizama mwaka 1902 karibu na Mji Mkongwe. Leo ni mabaki ya chuma tu, matumbawe yameota juu yake, samaki wanaingia na kutoka kama watu wa sokoni. Maji iko vuguvugu na jua linafika mpaka chini, ndiyo maana wanaoanza wanapelekwa pale. Lakini mita 12 zinatosha kuua mtu.

Usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa presha 1. Kila mita 10 za maji zinaongeza nyingine, kwa hiyo mita 12 ni 2.2. Chupa ya lita 12 iliyoshindiliwa mpaka bar 200 inabeba lita 2,400 za hewa. Tuseme mtu anatumia lita 20 kwa dakika akiwa juu; chini pale zinakuwa 44. Zile dakika 120 za kwenye karatasi zinabaki 54, na ukiacha akiba ya bar 50 kwa kurudi, zinabaki kama 40. Mwenye woga anapumua mbio, hata 40 hafikishi.

Hatari kubwa njo kupanda. Mapafu yakijaa lita 5 pale chini na mtu akazuia pumzi, akifika juu ile hewa inataka lita 11. Hiyo fasi haiko kifuani, mapafu yanapasuka. Ndiyo sababu fundi wetu alirudia mpaka tukachoka: "Pumua, kaka, usizuie."

Kulikuwa na tundu kati ya mabati, giza ndani, na samaki wazuri mlangoni. Linavuta, nasema kweli! Hatukuingia. Teke moja tu linavuruga tope, hauoni tena mulango, na juu ya kichwa iko chuma chenye kutu, siyo maji wazi. Wakati huo zile dakika 40 zinaendelea kuhesabika.

Kiisha kuna azoti. Presha inaiyeyusha ndani ya damu. Ukipanda haraka inatoka mapovu, sawa na chupa ya sukre iliyotikiswa ukifungua. Kwa hiyo tulipanda polepole, tukasimama dakika 3 kwenye mita 5. Na siku ile hakuna kupanda ndege: ukizamia mara moja ungojee saa 12, ukirudia, 18.

Sasa wa Kalemie na Uvira, musikopi hesabu hizi hivi hivi. Tanganyika iko karibu mita 773 juu ya bahari, presha ya hewa pale ni ndogo, kwa hiyo jedwali za bahari hazifai; kuna jedwali za miinuko. Na mutu azamie Uvira asubuhi, jioni apande gari kwenda Bukavu, kwenye mita karibu 1,500? Mwili haujui kama ni gari ao ndege. Unajua tu presha imeshuka.