Kompyuta za Shule: Kununua ni Siku Moja, Kuendesha ni Kila Mwezi



Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho mpaka Kayole na Dandora, vikundi vya akina mama na vya vijana huitwa shuleni kuchangia kompyuta. Ni jambo zuri, maana mtoto wa Kayole anahitaji elimu hiyo sawa na mtoto wa Karen. Lakini kabla kikundi hakijatoa akiba yake, kiulize swali moja: tukishanunua, ni nani atakayelipa kila mwezi?

Mtandao wa kompyuta ni nini?

Fikirieni ploti yenye tangi la maji. Maji ya jiji yanaingia tangini, kisha mabomba yanayapeleka kwa kila mlango. Mtandao wa shule ni hivyo hivyo. Intaneti ndiyo maji ya jiji. Seva ndiyo tangi, yaani kompyuta inayoweka vitabu na masomo ya shule nzima. Waya na rauta ndizo mabomba. Maji ya jiji yakikatika, watu huendelea kuchota tangini. Vivyo hivyo, shule yenye seva inaweza kufundisha hata mwezi ambao haikulipia intaneti. Wengi hudhani ati bila intaneti kompyuta ni sanduku tupu. Sivyo.

Tujifunze kutoka mpango wa serikali

Katika uchaguzi wa 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Mpango ulianza mashuleni mwaka 2016, na zilizoletwa ni tableti. Zaidi ya tableti milioni 1 ziligawanywa kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Pamoja na tableti za watoto, mpango ulileta vifaa vya walimu, projekta, seva na rauta. Yaani tangi na mabomba vilikuja.

Lakini kuvilinda na kuvitengeneza kulihitaji pesa ambazo shule nyingi hazikuwa nazo. Tableti zingine ziliibiwa, zingine zikakaa kabatini mpaka betri zikafa. Kununua kulipata mwenyewe, kuendesha kukakosa.

Hebu tufanye hesabu

Hii ni hesabu ya mfano tu. Nanyi wekeni bei za kwenu. Tuseme shule ya watoto 800 inanunua kompyuta 20 zilizotumika, kila moja shilingi 15,000. Jumla ni 300,000. Sasa angalieni gharama za mwaka:

Stima: Kompyuta moja na skrini yake ikila wati 100, zote 20 kwa saa 4 hula uniti 8 kwa siku. Siku 20 za masomo ni uniti 160. Uniti ikiwa shilingi 25, hiyo ni 4,000 kwa mwezi. Miezi 9 ya masomo ni 36,000.

Intaneti: 5,000 kwa mwezi, au 60,000 kwa mwaka.

Fundi: 3,000 kwa mwezi, au 36,000 kwa mwaka.

Akiba ya kununua zingine: Zikidumu miaka 5, weka kando 60,000 kila mwaka.

Jumla ni 192,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 384,000, tayari kupita bei ya kununua! Ukigawa kwa watoto 800, ni shilingi 240 kwa mtoto kwa mwaka. Shule ikitumia seva na kuacha intaneti kwanza, inashuka mpaka 165.

Pesa zitoke wapi?

1. Shule yenyewe. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, za vitabu na za matumizi kama stima na maji. Kompyuta 20 zikibanana humo, kitu kingine kitakosa. Sekondari ya chini, iliyoanza 2023 ndani ya shule za msingi, ilipangiwa kama shilingi 15,000 kwa kila mtoto. Ulizeni Bodi ya Usimamizi ni fungu gani limetengewa kompyuta.

2. NG-CDF. Mfuko huu umejenga madarasa mengi. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake inakiuka Katiba. Kwa hivyo msipange miaka mitano mkiegemea mfuko mmoja.

3. Wazazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kufukuzwa kwa sababu mzazi hakulipa. Mchango uwe wa hiari, na risiti itolewe.

4. Kompyuta zenyewe. Jumamosi na jioni, watu wazima wanaweza kulipa kidogo wafundishwe. Kwanza Bodi ikubali, na pesa ziingie akaunti ya shule, si mfukoni mwa mtu.

Kununua na kutupa

Tangu 2002 shirika la Computers for Schools Kenya, lililoko Embakasi, limekuwa likitengeneza kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni. Popote mtakaponunua, ulizeni: fundi atakuja kwa muda gani bila malipo? Zikifa, mtazichukua? Skrini za zamani za kioo kinene zina madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto. Zikitupwa ovyo huishia jalala la Dandora, na wanaozivunja ni watoto wetu wenyewe.

Kabla ya kutoa pesa, pateni kwa maandishi:

- gharama za kila mwezi, na nani atalipa;
- mwalimu mmoja anayesimamia, na wa pili anayejifunza kwake;
- chumba chenye grili na mlango wa chuma;
- hesabu kusomwa mbele ya wazazi kila muhula.

Majibu yakikosekana, anzeni na kompyuta tano na seva, muone mwaka mmoja. Kutoa ni moyo, lakini kuuliza hesabu si uchoyo. Pesa za kikundi ni za mama aliyeuza sukuma wiki mwaka mzima, na kompyuta iliyofungiwa stoo haimfundishi mtoto wake.