Umefilisika, rehani ya pili bado iko kwenye hati

Kitale, mkopo wa pili huja Januari. Mahindi yameuzwa kwa hasara, karo inadaiwa, na mbolea ya msimu ujao haijanunuliwa. Mwenye ploti Tuwan, aliyekwisha kuiweka rehani benki ili ajenge vyumba vya kupangisha, anampelekea mkopeshaji mwingine hati ile ile. Kwenye rekodi za ofisi ya ardhi sasa kuna rehani mbili, moja chini ya nyingine. Anayelipwa kwanza ni yule aliyesajiliwa kwanza.

Mambo yakimharibikia, anaiomba Mahakama Kuu imtangaze muflisi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015. Wengi huamini kwamba hapo madeni yote yamekufa. Si kweli. Amri ya ufilisi huwazuia wadai wa kawaida, yaani mwenye duka la pembejeo au rafiki aliyekukopesha bila dhamana. Aliyeshika rehani haguswi: bado anaweza kuuza ploti.

Hata hivyo, mkopeshaji wa pili hana nguvu anazojifanya kuwa nazo anapokupigia simu. Tuseme deni la kwanza ni shilingi 2,000,000, la pili 800,000, na mnada ukaleta 2,200,000. Kodi za ardhi na gharama za mnada zikitolewa, benki ya kwanza ikajilipa, wa pili atabaki na chini ya 200,000. Salio lake linakuwa deni lisilo na dhamana. Anapanga foleni na mwenye duka la pembejeo. Kwa kawaida muflisi huachiliwa huru miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, na deni kama hilo huisha hapo, isipokuwa lilitokana na ulaghai.

Kwa hiyo kuna nafasi ya kuzungumza. Mkopeshaji wa pili anayeona mnada hautamfikia anaweza kukubali kiasi kidogo na kuondoa rehani yake. Lakini ukishatangazwa muflisi, mali yako iko chini ya msimamizi aliyewekwa kisheria. Mazungumzo yapitie kwake. Na makubaliano ya mdomo hayatoshi, kwa maana rehani isiyofutwa kwenye rekodi za ardhi itakungoja hata miaka mitatu ikipita.

Muda nao upo, ingawa watu huutumia kwa kujificha. Sheria ya Ardhi ya 2012 inadai notisi ya miezi mitatu ya kulipa, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye hutoa siku 45. Kama ploti ni makao ya ndoa na mwenzi wako hakuridhia, rehani yenyewe inaweza kubatilishwa. Nimesikitika kuona wake wakijua habari ya mkopo siku karatasi ya dalali inapobandikwa langoni, wapangaji wakiisoma kwanza.

Tunao pia jamaa zetu Marekani wenye nyumba zenye mikopo miwili. Huko nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba ufilisi wa kawaida, ule wa Sura ya 7, haufuti rehani ya pili hata kama thamani ya nyumba haifikii deni la kwanza.

Ndugu msomaji, mkopeshaji wa pili akikuletea karatasi mpya, usitie saini. Chukua kwanza nakala ya rekodi ya ploti yako, kisha umwone wakili, ukiongozana na mwenzi wako.